Buti la barafu linauma, linacheza au linakuvuta upande: jinsi ya kupata chanzo ukiwa mtu mzima

Mtu mzima akianza kuteleza kwenye barafu na miguu ikalalia ndani, huambiwa mara moja kwamba vifundo vyake ni dhaifu. Mara nyingi si kweli. Anayepanda ngazi kila siku na kusimama kazini tangu asubuhi ana vifundo vya kutosha kuteleza mbele, kurudi nyuma na kuruka miruko ya mwanzo. Anachokosa ni buti linaloushika mguu. Kosa linaloongoza kwa watu wazima ni kununua buti kubwa, na dalili nyingi zilizoelezwa hapa chini, hata zile zinazofanana na za buti linalobana, huanzia hapo. Kwa hiyo, liwe lipi linalokusumbua, pima mguu kwanza.

Kipimo ni muhimu zaidi kwa anayeagiza kutoka mbali. Aliyeonja barafu kwa mabuti ya kukodi pale Panari, Nairobi, au Dubai Mall, kisha akaamua kununua yake, huenda asiwe na fundi wa mabuti haya karibu. Kurudisha mzigo Italia au Kanada ni gharama. Karatasi, penseli na rula vitamwokoa.

Kupima mguu

Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Vaa soksi nyembamba au taitsi utakayotelezea. Laza karatasi sakafuni iguse ukuta, kanyaga kisigino kikigusa ukuta, na uweke uzito wote wa mwili kwenye mguu huo. Mwombe mtu mwingine achore, maana ukiinama mwenyewe uzito unahama na kipimo kinadanganya. Penseli isimame wima. Ikilala chini ya mguu inapunguza milimita kadhaa.

Andika kwa milimita: urefu hadi ncha ya kidole kirefu zaidi (kwa wengine ni cha pili, si gumba), upana wa sehemu pana nyuma ya vidole, mzingo wa hapohapo kwa tepu ya fundi cherehani, na upana wa kisigino. Pima miguu yote miwili. Ikipishana kidogo, agiza kwa mguu mkubwa na ujaze nafasi kwenye mdogo. Ikipishana namba nzima, waulize kama wanauza jozi yenye namba mbili tofauti. Watengenezaji kadhaa wanakubali kwa bei ya ziada.

Namba ya raba iweke kando. Edea ya Italia hupima kwa milimita. Jackson ya Kanada na Riedell ya Marekani zina namba zao pamoja na herufi za upana, na kwa kawaida namba hiyo huwa ndogo kuliko ya kiatu chako cha kutembelea. Soma jedwali la modeli yenyewe, kwa sababu hata ndani ya kampuni moja kalibu (umbo ambalo buti hujengewa) hubadilika. Kama umejifungua tangu mara ya mwisho ulipopima, pima upya: mguu huweza kurefuka na kupanuka wakati wa ujauzito na usirudi.

Buti likifika, toa soli ya ndani, iweke sakafuni na usimame juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya ukingo pande zote, buti ni jembamba. Kisha livae, piga kisigino nyuma mara mbili tatu, funga kamba na usimame wima. Vidole viguse mbele kidogo tu bila kukunjwa. Piga magoti, yaani yakunje ukiwa bado umesimama: sasa vidole vinapaswa kurudi nyuma na kuachia. Mtu mzima hahitaji nafasi ya kukulia. Nafasi ya kidole kizima mbele ni kasoro, hata kama dukani buti lilionekana la raha.

Dalili: kisigino kinapanda ukipiga goti au ukisukuma

Angalia kamba kabla ya kulilaumu buti. Wengi hukaza kwa nguvu vidoleni, ambako hakuhitaji nguvu, kisha mikono inachoka wanapofika kwenye kifundo. Funga hivi: matundu mawili au matatu ya mwanzo yawe ya kushika tu, vidole viweze kucheza. Kuanzia juu ya wayo hadi pale mguu unapopinda, vuta kila mkato (pale kamba zinapokatizana) mmoja mmoja, kisigino kikiwa kimeegemea nyuma. Hapo ndipo pa kukaza kuliko kote. Kabla ya kulabu ya kwanza, pitisha kamba moja juu ya nyingine mara moja zaidi ili isilegee. Kulabu za juu zilegezwe kidogo, kidole kimoja kiweze kupita kati ya mguu na shingo ya buti nyuma. Ukiteleza dakika kumi, toka ukaze tena, kwani ngozi ya buti ikipata joto hulegea.

Kama kisigino bado kinapanda, ama urefu umezidi ama kisigino cha buti ni kipana kuliko chako. Hili la pili huwapata sana wenye mguu mpana mbele na mwembamba nyuma, maana walichagua upana kwa kufuata vidole. Dawa ya kudumu ni buti lenye upana tofauti mbele na nyuma, na watengenezaji wakubwa wanalo. Dawa ya muda ni kubandika vipande vya sponji ngumu ndani ya buti, pande mbili za kano ya kisigino. Usibandike nyuma kabisa, kwa kuwa hapo vitausukuma mguu mbele.

Kuongeza soksi ya pili hakusaidii. Soksi nene huteleza ndani ya buti, mguu unazidi kucheza, na malengelenge yanafuata.

Dalili: uvungu wa wayo unawaka au unakaza ndani ya dakika chache

Dalili hii huwapoteza watu zaidi kuliko zote, kwa sababu inafanana na kubanwa. Mtu hulegeza kamba, maumivu yanazidi, analegeza tena. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba buti limelegea na vidole vinajikunja kushika soli ili mguu usihame. Misuli ya wayo inafanya kazi ambayo buti lilipaswa kuifanya, na baada ya dakika kumi inashikwa na mkakamao.

Ili kutenganisha sababu, kaa kwenye benchi na ufungue matundu ya chini tu, bila kugusa ya juu. Maumivu yakiisha ndani ya dakika moja hivi, kamba za mbele zilikaza kupita kiasi. Yasipoisha, funga upya, safari hii ukikaza vizuri pale panapopinda, uteleze ukiwa umevinyoosha vidole kwa makusudi. Ukipata nafuu, basi vidole vilikuwa vinashika soli, na buti ni kubwa au limelegea.

Kama hakuna kilichobadilika, tazama mguu wenyewe. Wenye nyayo bapa hukosa cha kukanyagia katikati, kwa sababu soli za ndani zinazokuja na mabuti mengi ni karatasi nene tu. Soli ya ndani yenye mgongo (mwinuko unaoshika uvungu wa wayo) itasaidia, lakini inakula nafasi: inua milimita 3 chini na buti lililokutosha litaanza kubana juu. Anayejua atatumia soli ya namna hiyo aipate kwanza, ndipo apime na kuchagua buti.

Dalili: vidole vinakufa ganzi au vinakuwa baridi kama mawe

Upana mdogo, kamba za mbele zilizokazwa sana, au soksi nene. Watu huongeza soksi ili kupata joto, kumbe mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha na unazidi kupoa. Soksi nyembamba kavu ndani ya buti lenye nafasi ya haki hupasha mguu vizuri zaidi. Ganzi inayobaki saa kadhaa baada ya kuvua, au inayompata mwenye kisukari, ni ya kupeleka kwa daktari kabla ya kuendelea.

Dalili: mifupa ya kifundo imevimba au ina malengelenge

Buti zuri lina vishimo vya kupokea mifupa hii miwili, lakini mfupa wako huenda uko juu au chini ya kishimo. Mpe fundi alama sahihi: paka rangi ya mdomo kwenye ncha ya mfupa, vaa buti bila soksi, funga kamba na upige magoti mara chache. Ukivua, alama imebaki kwenye bitana mahali hasa pa kutanuliwa. Fundi atapasha sehemu hiyo moto na kuisukuma nje kwa koleo lenye kichwa cha mviringo. Kazi hii hufanyika kwa dakika chache na haidhoofishi buti ikifanywa na anayeijua.

Huku ukisubiri fundi, kata sponji yenye tundu katikati, tundu likae kwenye mfupa. Sponji isiyo na tundu inaongeza mkandamizo palepale panapouma.

Ikiwa malengelenge ni ya upande mmoja tu wa mguu mmoja, rudi kwenye kamba: huenda mguu unalalia ndani, na mfupa unasugua kwa sababu hiyo. Hapo kutanua hakutakusaidia.

Kivimbe cha kifundo cha kidole gumba, ambacho watu wazima wengi wanacho, hutanuliwa kwa njia hiyohiyo. Usinunue buti refu zaidi kwa ajili yake. Ukiongeza urefu, sehemu pana ya buti inasogea mbele na kivimbe kinaangukia mahali pembamba.

Dalili: mbele ya kifundo panauma kwa kuguswa, hasa pale kamba zinapokatizana

Kano zinazoinua wayo hupita hapo, chini ya ngozi tu, na kamba zikizikandamiza huvimba. Angalia ulimi wa buti: umehamia upande? Umekonda na kuwa mgumu? Ulimi uliohama huacha kamba zilalie mguu moja kwa moja. Urudishe katikati kila unapofunga. Usipotulia, mwombe fundi ashone kitanzi kidogo katikati ya ulimi na upitishe kamba humo. Sponji ya jeli kati ya ulimi na mguu hupunguza maumivu. Pia unaweza kuruka mkato mmoja: kwenye usawa wa maumivu, pandisha kamba wima kila upande bila kukatiza, kisha endelea kama kawaida. Pumzisha mguu siku kadhaa. Kano iliyovimba haiponi huku inasagwa.

Dalili: huwezi kupiga goti, unaangukia visigino, muundi una michubuko

Buti ni gumu kuliko kiwango chako, au bado halijalainika. Buti jipya livunje ugumu taratibu: dakika 15 hadi 20 nyumbani, vyuma vya kutelezea vikiwa ndani ya vifuniko, ukipiga magoti huku visigino viko chini. Kwenye barafu, mara chache za mwanzo acha kulabu ya juu kabisa bila kamba. Mabuti yanayoundwa kwa joto yapelekwe kwenye oveni ya duka inayodhibiti nyuzi joto. Oveni ya jikoni hupanda na kushuka, na gundi ya soli huachia.

Ugumu wa buti huchaguliwa kwa mambo mawili: unafanya nini kwenye barafu, na una kilo ngapi. Majedwali mengi hutaja miruko tu, kama vile wanunuzi wote ni watoto wa kilo 30. Mtu wa kilo 85 anayejifunza miruko ya mzunguko mmoja hulikunja buti la wanaoanza kwa muda mfupi, kwa hiyo apande daraja moja, pengine mawili. Wa kilo 55 anayeteleza kwa burudani mara moja kwa wiki hana haja ya buti la miruko ya mizunguko miwili, hata akiuziwa kwa punguzo. Kampuni nyingine huandika ugumu kwa namba. Namba hizo zinalinganishwa ndani ya kampuni hiyo tu.

Kama buti si gumu na bado goti halishuki, jaribu ukiwa pekupeku: simama kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani na ujaribu kugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino. Ukishindwa, kizuizi kiko kwenye kifundo chenyewe, labda kwa jeraha la zamani. Mazoezi ya kunyoosha yatafaa, na kipande chembamba chini ya kisigino ndani ya buti kinaweza kusaidia, milimita 3 kwa kuanzia.

Dalili: buti linaanguka upande, shingo imekunjika

Lisimamishe mezani bila mguu ndani na ulitazame kwa nyuma. Buti lililo hai husimama wima. Likiinama, au mikunjo ya kifundo imeingia ndani kiasi cha kupokea ncha ya kidole, limekufa. Kulikaza zaidi kutaleta maumivu ya mbele ya kifundo na hakutalifufua.

Jaribio hilihili lifanye kabla ya kununua mtumba. Bonyeza shingo kwa vidole vya mkono mmoja: ikikunjika kwa urahisi, liache hata kama chuma kinang'aa. Tazama pia kimo cha chuma pande zote mbili. Chuma kilichonolewa miaka mingi hubaki kifupi, na meno yaliyo kwenye ncha yake ya mbele huwa karibu mno na barafu.

Dalili: mguu mmoja unakuvuta upande mmoja kila mara

Teleza kwa mguu huo peke yake, goti limepinda kidogo, macho mbele, mara kadhaa. Ukienda kushoto leo na kulia kesho, tatizo ni mizani yako, na mazoezi yatalimaliza. Ukivutwa upande uleule kila mara, fuata mpangilio huu usiruke hatua, kwani kuhamisha chuma kabla ya kukagua makali ni kuharibu soli bure.

Kwanza, makali. Geuza buti chuma kiangalie juu, laza rula nyepesi iliyonyooka kwa mkato juu ya chuma, na uitazame kwa jicho moja kutoka nyuma. Inapaswa kufanya pembe mraba na ubavu wa chuma. Kagua sehemu tatu: nyuma ya meno, katikati, na karibu na kisigino. Ikiinama, kali moja liko juu kuliko lingine, na hakuna mguu utakaosimama sawa juu yake. Rudisha kwa fundi mwenye mashine ya vyuma vya kutelezea. Mnoa visu wa kawaida hawezi kazi hii.

Pili, mahali chuma kilipofungwa. Kwa wengi chuma huanzia katikati ya kisigino na kuelekea kati ya kidole gumba na cha pili. Kama mguu unaangukia ndani, chuma husogezwa kuelekea ndani ili kiwe chini ya uzito. Ukiangukia nje, husogezwa nje. Sogeza milimita 1, ncha ya mbele tu au ya nyuma tu, kisha kateleze. Ndiyo sababu chuma kipya hufungwa kwanza kwa skrubu chache kwenye matundu marefu yanayoruhusu kusogea. Ukishateleza saa kadhaa bila kuvutwa, ndipo skrubu za kudumu ziingie kwenye matundu ya mviringo. Usiyajaze yote, acha mawili matatu kwa ajili ya siku ambayo moja litaharibika.

Tatu, mguu. Makali yako sawa, chuma kiko mahali pake, na bado unalalia ndani: soli ya ndani yenye mgongo, au kipande chembamba cha ngozi kati ya soli ya buti na bamba la chuma upande wa ndani. Hii ni kazi ya fundi.

Dalili: unateleza kando, au meno ya mbele yanakunasa

Kuteleza kando ni makali butu au mfuo usiokufaa. Chuma kina mfuo katikati unaotenga makali mawili, na kina chake hutajwa kwa nusu kipenyo cha duara: 11 hadi 13 mm ni kawaida kwa miruko na mizunguko. Namba ndogo ni mfuo wenye kina na makali yanayong'ata. Mtu mzito anayeanza huwa na raha zaidi kwenye 13 hadi 16 mm, kwani uzito wake tayari unazamisha makali. Mwambie fundi namba unayotaka na uiandike. Chuma kipya nacho uliza kama kimenolewa, maana vingi hufika bado. Baada ya hapo, kunoa kila saa 20 hadi 40 za barafu kunatosha wengi.

Meno yanayonasa huwa makubwa kuliko ya buti la kukodi ulilozoea. Kaa juu ya katikati ya wayo, usitazame miguu, na hali hiyo hupita. Usikubali yakatwe, utayahitaji kwenye miruko na mizunguko.

Skrubu na unyevu

Kagua skrubu kwa bisibisi kila wiki mwezi wa kwanza. Inayozunguka bila kukaza kwenye soli ya ngozi imepoteza ukuta wa tundu: itoe, acha tundu likauke, jaza vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, vikate usawa wa soli, subiri usiku mmoja, kisha rudisha skrubu. Kwenye soli za plastiki au kaboni usijaribu hivyo.

Ukitoka barafuni futa chuma, soli na pale bamba linapokutana na soli, kisha ufute tena baada ya dakika tano, kwa kuwa chuma baridi hutoa jasho. Vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea tu. Chuma kikilala humo kinashika kutu. Walio Muscat na Dubai wasiache mabuti ndani ya gari juani: joto hilo hulainisha gundi na mabuti yanayoundwa kwa joto, na shingo hupinda ikilala upande.